Tulifungasha Tumepeana Migongo

Mlima wa kwetu hauna majira, una umri. Nasema hivyo mapema kwa sababu wageni huwa wanadhani natania. Jua likikupiga kule juu unaweza kurudi mtoto, ngozi na mifupa na meno na akili. Ukungu ukikufunika unaweza kuzeeka ukiwa umesimama pale pale uliposimama kijana. Mvua ina mambo yake, upepo una mambo yake, na hakuna hewa inayomtendea kila mtu sawa: ukungu ule ule unaomzeesha huyu unaweza kumpita mwenzake bila kumgusa. Ukishuka, au hewa ikigeuka, mara nyingi umri wako hukurudia njiani, kidogo kidogo, kama usingizi unavyomtoka mtu. Mara nyingi, sisemi kila mara. Wapo majirani zetu walioshuka na umri waliopewa huko juu, wakabaki nao hadi leo, na hawapendi kuulizwa.

Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote na bado sijajua unataka nini kwetu. Kuna siku nadhani unauliza swali: wewe ni nani, ukiondolewa umri wako? Je, yule mtoto aliyekuwa akila udongo nyuma ya nyumba ni mimi, au ni mtu mwingine aliyeniachia jina akaenda zake? Na yule bibi anayenisubiri huko mbele, tayari ananijua? Ananicheka? Kuna siku nyingine nadhani mlima hauulizi kitu, ni jiwe tu lililobeba mawingu, na sisi ndio tusioweza kuliona jiwe bila kulitilia maneno mdomoni. Mume wangu, Senkondo, siku zote alikuwa upande wa jiwe. Mimi, Nakijwa, niko upande wa swali. Ubishi huo ndio uliotukutanisha, na zamani tulikuwa tukibishana mpaka uji unaungulia jikoni.

Kisha tukaacha kubishana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Tukawa tu kama wapangaji wawili wanaotumia bomba moja. Umekula? Nimekula. Taa umezima? Nimezima. Senkondo alikuwa anakaa mezani ananyamaza, macho yako kwenye kikombe, na mimi nilikuwa sijui yuko wapi huko aliko. Niliogopa kimya kile kuliko ambavyo ningeogopa matusi. Hadi siku moja akaweka kikombe chini, akasema, "Mke wangu, Katikati imefika. Tupande."

Katikati ni ile miezi ambayo baridi imeshaaga lakini bado imesimama mlangoni inaongea. Asubuhi unavaa sweta, saa nne unalivua, mchana unakimbia mvua, alasiri unatafuta kivuli. Mtu mwenye akili zake hapandi mlima Katikati. Wanandoa wenye mashaka ndio hupanda, kwa sababu ni wakati huo tu ambapo hewa zote hushuka kwa siku moja, na mtu anaweza kumwona mwenzake katika umri wake wote. Juu, kwenye bega la mlima, njia hugawanyika mbili, kushoto na kulia, na zote zinarudi mjini. Wanaoshuka kwa njia moja wameoana upya. Wanaoshuka kila mmoja na njia yake wameachana, bila kikao, bila kurudisha mahari, na hakuna mtu mjini atakayewauliza. Kwa hiyo Senkondo aliposema tupande, nilielewa alichosema chote. Nilijibu, "Tupande."

Kwetu mtu hajifungashii mzigo wa mlimani. Unamfungashia mwenzako, naye anakufungashia wewe, na kila mmoja hubeba alichofungasha. Yaani nguo zangu ziko mgongoni kwa Senkondo, na zake ziko mgongoni kwangu. Tukipoteana, kila mmoja anaganda peke yake. Kabla ya hapo mnapita nyumba kwa nyumba mkiazima nguo za kila umri: visweta kwa mwenye watoto, jaketi kwa shemeji, koti kwa mjane wa baba mkubwa. Halafu mnakaa sakafuni mmepeana migongo, mashanta yamefunguliwa mbele yenu, nguo zimetapakaa chumba kizima. Kugeuka hakuruhusiwi. Kuuliza ruksa.

"Vidole vyako vya miguu," Senkondo akauliza nyuma yangu, "vinavyoanza kufa ganzi ni vya kulia au vya kushoto?"

"Vya kushoto. Miaka yote unalala na miguu yangu, hujui?"

"Najua. Nilitaka kusikia unavyosema."

"Na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unasumbuliwa na nini?"

"Masikio. Upepo ukivuma tu, masikio."

Basi nikachukua mzula mdogo wa sufu, ule unaovutwa hadi shingoni, nikaukunja ndani ya kisweta. Nilifungasha vizuri, sitaki mtu aseme sikufungasha vizuri. Nguo kavu chini, zimefungwa kwenye nailoni na nailoni imefungwa kwenye nailoni nyingine. Soksi zimesokomezwa kwenye viatu ili nafasi isipotee. Kiberiti ndani ya kopo la mfuniko. Koti la mvua juu kabisa, maana mvua ya Katikati haikungoji ufukue. Chupa ya chai ya tangawizi pembeni, na turubai limeviringwa juu ya yote. Kwa ujana wake nilimwekea jaketi la buluu, la kiunoni, lile la kupendezea. Nililinusa kidogo kwanza. Mgongo wake ulikuwa unagusa wangu na nilisikia anavyopumua.

Kisha likabaki koti la uzee. Refu, zito, la bitana nene, baba mkubwa alilivaa mpaka mwisho wake. Lilikuwa hapo pembeni ya goti langu.

Nitalichukua. Bado kidogo. Ngoja nifunge hili kwanza. Ni koti tu. Si koti. Nikilitia ndani nimekubali. Nimekubali nini? Kwamba mabega haya yatakonda, kwamba mikono hii inayofungua kila kifuniko kilichonishinda itatetemeka na kijiko. Huwezi kumwalika mtu usiyemtaka halafu ukashangaa amekuja. Usipomtandikia kitanda atalala wapi? Atarudi alikotoka. Hiyo ndiyo akili niliyoitumia, na wakati ule niliiona ni akili kabisa. Nikalisukuma koti kwa mguu hadi chini ya kitanda.

"Umemaliza?" Senkondo akauliza.

"Nimemaliza."

Kwenye geti la mlima tulimkuta Bi Namsifu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kazi yake kutangaza hali ya hewa kwa spika. "Leo jua," spika ilikuwa inasema. "Leo jua kutwa. Wapandaji msiwe na wasiwasi."

"Bi Namsifu, na wingu lile?" nikamuuliza.

"Lipi?"

"Hilo juu ya kichwa chako."

Hakutazama juu. "Mwanangu, Baraza limeniletea jua, mimi nasoma jua. Wakileta mvua nitasoma mvua. Hawajawahi kuleta." Tangu nizaliwe, Baraza la mji halijawahi kutangaza siku mbaya. Nadhani linatupenda kwa namna yake, au linajipenda lenyewe. Mtawala ambaye siku zake zote ni za jua nani atamuuliza kitu? Bi Namsifu akanyanyua shanta langu kama ilivyo kazi yake, akalipima kwa mkono. "Jepesi hili."

"Mume wangu hana makuu," nikasema.

Akanyanyua la Senkondo, akaguna. "Na wewe umembebea mkeo nyumba?" Senkondo akacheka tu, akalivaa, tukaingia.

Hatukuenda mbali kabla jua halijatoka, jua la kweli, kali, la kuchoma utosi. Niligeuka kumwambia Senkondo kwamba leo Baraza limepatia. Nilimkuta anaburuta shanta kubwa kuliko yeye, mguu mmoja umetoka kwenye kiatu, meno mawili ya mbele hayapo.

"Shikamoo," akasema.

Mume wangu ameniamkia. "Marahaba," nikamjibu, maana ningesema nini?

Jua lilikuwa jua, lakini upepo wa kule juu ni baridi hata mchana, na alikuwa tayari ameshika masikio. Nikachomoa kisweta na mzula, nikamvalisha. Vilimkaa sawasawa. Nilijisikia mke hodari kuliko wanawake wote wa mji. Nikambebea na lile shanta lake, moja mgongoni moja kifuani, nikammiminia chai, akakaa juu ya jiwe anainywa kwa kelele.

"Tunaenda wapi?"

"Juu."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia kama bado tunapendana."

Akafikiri, miguu inaning'inia. "Mimi nakupenda. Umenipa chai."

Nilicheka, lakini nilikuwa nalia pia. Nimeishi na mtu huyu, nikajiambia, na yule mtoto alikuwa humo ndani muda wote, akiwa na masikio yake yanayouma, na hajawahi kuniomba kofia. Watu tunaoana na nani hasa? Tunasema ndiyo kwa mmoja, halafu tunafungua mlango unaingia ukoo mzima wa yeye mwenyewe. Nilimshika mkono tukaendelea kupanda. Jua lilipopungua, mkono ule ulikua ndani ya mkono wangu taratibu, vidole vikapita vyangu, hadi akawa mwanamume tena na akanipokonya shanta alilokuwa amebeba mwanzo.

Ukungu ulitukuta kwenye mawe ya juu. Ulitoka chini, si juu kama tulivyozoea, pamoja na manyunyu membamba yaliyokuwa yanaganda kwenye nyusi. Nilijikagua: magoti yangu, mikono yangu, yote ya kwangu. Umenipita, nikasema moyoni, ahsante. Ndipo nikasikia jina langu.

"Nakijwa." Ilikuwa sauti kama ya baba yake Senkondo. "Baridi."

Senkondo alikuwa amekaa chini. Shati lilikuwa limemwagika mwilini, shingo ni mishipa mitupu, midomo imegeuka rangi. Kidevu kilikuwa kinatetemeka na hakuweza kukizuia. Nikalivua shanta, nikalimwaga lote kwenye turubai. Kisweta cha mtoto hakikupita kiwiko. Koti la mvua lilizuia maji, lakini baridi lilikuwa limeshaingia. Jaketi la buluu lilikuwa jembamba, na mgongo wake uliopinda haukukubali zipu ifungwe. Nilizidi kupekua, huku nikijua hamna.

"La uzee liko wapi?" akauliza.

"Halipo."

"Umelisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kusahau ni kosa dogo, kila mtu husahau. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale yale, uso wote ulikuwa umehama na macho yamebaki, na sikuweza kuyadanganya. "Sikusahau. Nimeliacha chini ya kitanda. Sikutaka uzeeke, Senkondo."

Alihangaika na kidevu chake.

"Kwa hiyo ulitaka nife kijana?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Nikaona nilichokifanya, chote, kikiwa kimekaa mbele yangu kinatetemeka. Nilikuwa nimempenda mtu mpaka nikamnyima pa kufikia. Nilimfungashia asubuhi na mchana, nikadhani nikiiacha jioni haitakuja, na jioni imekuja, imekaa juu ya mawe, haina koti. Baraza la mji hutangaza jua. Mimi nilifanya zaidi ya Baraza, nililifungasha. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote na mwili wangu haukutosha, baridi lile lilikuwa kubwa kuliko mimi. Nilidhani atanifia pale.

"Fungua la kwako," akaninong'oneza sikioni. "Lile nililobeba mimi."

Nikalifungua. Juu kulikuwa na shali kubwa la sufu, zito, la kujifunika mara mbili. Chini yake gauni la flana. Chini yake tena sweta la vifungo vikubwa, vya kufungwa na vidole visivyosikia vizuri. Soksi nene, na ile ya kushoto imeshonewa kitambaa cha pili ndani, upande wa vidole. Fulana za joto. Kofia ya kufumwa. Blanketi. Chochote cha bibi kizee kilikuwemo. Nilifukua hadi chini nikitafuta nguo zangu za usichana na sikuona hata moja.

"Na jua lingenipiga mimi?" nikamuuliza, huku nimeshaanza kumvua zile nguo zilizoloa. "Ningerudi msichana ningevaa nini?"

"Ungeburuza gauni." Alijaribu kucheka, akakohoa. "Nilikuwa na haraka, mke wangu. Pale mezani ninaponyamaza, huwa nakuwaza ukiwa bibi, umekaa barazani, unanibishia. Nakuwa huko na wewe. Nikaona nikikwambia utasema nakuzeesha."

Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kimya chote kile. Miaka tunapishana nyumba moja, mimi nimerudi nyuma kumshikilia kijana, yeye ametangulia mbele kumsubiri bibi, na pale mezani hapakuwa na mtu. Nilimvalisha fulana, nikamvalisha gauni, sweta, soksi, nikamfunga shali, nikamkunjia blanketi miguuni na kumnywesha chai iliyobaki. Nilikuwa nalia waziwazi na sikujali. Tulikaa chini ya turubai mpaka midomo yake ikarudi rangi na kidevu kikatulia.

"Unafanana na shangazi yako," nikamwambia.

"Shangazi yangu alikuwa mzuri."

"Alikuwa mkali."

"Mzuri na mkali. Ndiyo maana mimi sikushtuka kukuoa wewe." Akatazama ukungu. "Na ujue hili bado ni jiwe, Nakijwa. Jiwe lenye unyevunyevu."

"Jiwe gani linamvalisha mwanamume gauni?"

"Ni wewe umenivalisha, si jiwe."

Tukabishana. Tulibishana huku tunapanda, yeye akiniegemea, pumzi ikimkatika katikati ya hoja na mimi nikimsubiri amalizie ili nimpinge. Furaha niliyokuwa nayo sijui niielezeje. Nilikuwa nimeloa, nina njaa, nimebeba mashanta mawili na mzee mmoja.

Kwenye bega la mlima hatukukuta upweke nilioutarajia. Kulikuwa na mahema, mengi, pande zote za mahali njia inapogawanyika, na watu wamekaa nje ya mahema hayo wakitazama juu. Dada mmoja alisogea kutupisha kwenye moto wake. Alisema anaitwa Ndeshi. Hema lake lilikuwa limepauka hadi huwezi kujua lilianza na rangi gani.

"Weka hema hapo pembeni, dada," akaniambia kwa upole, akimtazama Senkondo na gauni lake. "Usithubutu kumshusha hivyo. Atabaki hivyo hivyo. Subiri jua limrudishe."

"Wote hawa wanasubiri?"

"Wote. Wangu yumo humo ndani, amelala."

"Na jua halijawahi kutoka?"

"Limetoka mara nyingi." Akachochea moto. "Likitoka anakuwa mtoto, au anakuwa kijana mno, haniamini nikimwambia mimi ni nani. Siku moja alikuwa karibu kabisa, nikasema sasa, nikainama kufunga kamba za viatu, upepo ukageuka. Bado halijatoka lile lenyewe."

"Lile lipi?"

"La siku ile," akasema, na hakueleza siku gani, na mimi sikuuliza kwa sababu ninayo ya kwangu. Nilikaa pale motoni na, nasema wazi, nilitamani kusubiri. Jaketi la buluu lilikuwa bado mgongoni kwangu. Mwanya wa mwanga ulikuwa umefunguka kwa mbali upande wa kulia wa mlima, na mtu yeyote angeweza kuapa kwamba unakuja huku. Kidogo tu. Nikishuka naye sasa huenda asinirudie tena yule wa asubuhi, na hakuna wa kumdai. Nikisubiri, nitasubiri nani? Nani kati ya hao wote ndiye Senkondo, ambaye wengine ni lazima wapite ili yeye abaki? Nilimtazama. Alikuwa amenyoosha mikono kwenye moto, mikono ya madoadoa, na alikuwa anageuza viganja kwa zamu kama afanyavyo siku zote.

"Tusubiri?" akaniuliza. Hakuomba. Angekubali lolote, nililiona hilo, na ndilo lililoniamsha.

"Una umri gani sasa?" nikamuuliza.

"Sijui. Mkubwa." Akafikiri. "Na wewe?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua hata mimi sikuwa na hakika.

"Magoti yako yanaweza mteremko?"

"Yakishikiliwa."

Nikasimama, nikamwinua. Ndeshi alitutazama, kijiti cha moto kikiwa mkononi kimezimika. Tulichukua njia ya kushoto, sote wawili, polepole, kwa kuwa ilikuwa na mawe, na Senkondo akaanza tena kunieleza kuhusu jiwe. Hatukuwa tumefika hata kwenye kona nilipoisikia nyuma yetu zipu ya hema ikifunguliwa, na sauti ya Ndeshi ikimuuliza mtu aliyekuwa ndani kama anaweza kusimama.